Maji Yanayosubiri Amri

Fundi wa betri tunayemtegemea mtaani kwetu Chuno, Mtwara, huanza kazi kwa kunyamaza. Hufungua vifuniko sita vya betri, huchukua kipimo chake cha kioo chenye mpira juu, huvuta asidi kidogo kutoka chumba cha kwanza, hukiinua usawa wa jicho, kisha hungoja kiboya kitulie. Hasomi kiboya kinachocheza. Akimaliza chumba cha kwanza huenda cha pili, hivyo hivyo mpaka cha sita, na mwenye bodaboda anayepiga honi hamwongezei mwendo.

Siku moja nilimpelekea betri ya umemejua wa nyumbani. Alikuwa amechanganya asidi mpya, akaipima, ikasoma 1.24, akaridhika. Nikamwambia kijitabu kilichokuja na betri kimeandika 1.28.

"Mwalimu, hicho kijitabu wamewaandikia watu wa baridi," alisema. "Huku joto lenyewe linasukuma kazi. Ukiitia kali, mwaka wa kwanza utafurahi. Wa pili imeshakula pleti zake."

"Sasa mbona wengine wanatia kali?"

"Mteja anataka gari liwake leo, Mwalimu."

Ni kweli tupu. Asidi ya salfa yenye uzito mara 1.28 ya maji huipa betri nguvu hata asubuhi ya barafu, lakini kwenye joto la pwani hii kemia ya ndani huenda mbio, na ukali ule ule hugeuka kuzitafuna pleti zinazofanya kazi nao. Kwa hiyo katika nchi za joto betri hujazwa asidi iliyopunguzwa kidogo. Baina ya 1.28 na 1.24 jicho halioni chochote: maji ni meupe vile vile, ndoo ni ile ile. Anayejua tofauti ni kiboya, na fundi aliyekubali kukingoja.

Maneno yake yalinirudisha miaka mingi nyuma, kwenye maabara moja ya ng'ambo nilikokaa miezi kadhaa kujifunza kutoboa silikoni kwa umeme. Nilidhani nakwenda kujifunza habari za kitu kigumu. Fundi wa maabara ile, mama mmoja wa makamo mwenye mikono mitulivu, alinifundisha habari za maji. Mwezi wa kwanza mzima hakuniruhusu kuwasha swichi. Nilipima, nikachanganya, nikamwaga, nikapima tena, na nilikuwa nikiona kwamba ananipotezea muda.

Silikoni yenyewe haihitaji utambulisho mrefu. Iko kwenye sola juu ya mabati yetu, iko ndani ya kila simu, na ikiungana na oksijeni huwa ndiyo sehemu kubwa ya mchanga tunaojengea. Ikisafishwa na kukatwa huwa kisahani cha kijivu kinachong'aa, chembamba kama kucha, na chepesi kuvunjika. Mwaka 1956, katika maabara za Bell nchini Marekani, Arthur Uhlir na mkewe Ingeborg walikuwa wakitafuta njia ya kukilainisha kisahani hicho kwa umeme ili kifae kwa kazi ya transista. Walitaka uso laini kama kioo. Katika baadhi ya majaribio walipata badala yake madoa ya rangi, utando usioeleweka, wakaliandika jambo hilo na kuendelea na shughuli zao. Ilichukua miaka kadhaa watu kutambua kwamba utando ule ulikuwa silikoni ile ile iliyojaa vitundu vidogo mno. Mwaka 1990 Leigh Canham, akifanya kazi Malvern, Uingereza, alionyesha kwamba silikoni iliyotobolewa namna hiyo, ikimulikwa kwa leza ya kijani au buluu, hung'aa wekundu ambao macho ya kawaida yanauona. Silikoni nzima haing'ai hivyo. Kuanzia hapo maabara nyingi duniani zilianza kutoboa.

Vitundu hivyo ni vidogo kiasi gani? Vilivyo vyembamba kabisa havifiki nanomita 2. Vya wastani huwa kati ya nanomita 2 na 50. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sentimita moja ya ujazo ya silikoni iliyotobolewa vizuri, ukizikunjua kuta zake zote, hutoa eneo la mamia ya mita za mraba. Kwa zile zenye vitundu vyembamba zaidi ni kama kutandika uwanja wa netiboli kutoka kwenye kipande unachoweza kukificha ndani ya ngumi.

Wamakonde wa uwanda wa juu wa huku kwetu wanapochonga nguzo ya ujamaa, watu wamepandana juu ya watu na mwanga unapenya katikati yao, mchongaji lazima apate chuma kinachoweza kuingia ndani ya uwazi, kipinde, kikwangue nyuma ya mgongo wa mtu bila kuuvunja mkono wa jirani yake. Uzuri wa nguzo ni mbao iliyoondolewa sawasawa na ile iliyobaki. Katika silikoni kazi ni hiyo hiyo, ila hakuna patasi duniani ya kuingia kwenye uwazi wa nanomita 5. Kinachoingia ni maji peke yake. Kwa hiyo kuchagua maji ndiko kuchagua patasi.

Nilipowahi kuwapa wanafunzi wangu swali hili, ni maji gani yatoboe silikoni, wa kwanza kunyanyua mkono alisema maji ya bahari. Ni jibu zuri la mtoto wa Mtwara: yapo tele, yanapitisha umeme, na kwenye mashamba ya chumvi unaweza kuyapata makali kadiri upendavyo. Tatizo liko kwa silikoni. Ukiitia kwenye maji ya chumvi na kuiunganisha upande chanya, mkondo hupita kitambo kidogo kisha hunyong'onyea. Silikoni imechukua oksijeni ya maji na kujivika ngozi ya oksidi, na ngozi hiyo ni jamaa wa kioo: haipitishi umeme. Asidi ya betri nayo huishia hapo hapo, kwa kuwa ukali wake haugusi oksidi hiyo. Yule fundi wetu angeweza kumimina ndoo nzima na kisahani kikabaki kizima.

Kuna aliyependekeza magadi, na huyo alikuwa karibu zaidi. Maji ya alkali kali, kama ya potasi, hula silikoni kweli. Lakini huila bila kuulizwa. Zima umeme, bado yanakula. Huchagua njia kwa kufuata nyuso za fuwele na kuacha mabonde na piramidi. Mwenye kutaka vitundu hawezi kufanya kazi na kibarua asiyengoja kuambiwa anza.

Inabaki floridi, na hapo ndipo asidi ya hidrofloriki inapoingia. Tabia yake kwa silikoni nilipoielewa niliweka kalamu chini. Inayeyusha oksidi, hivyo ngozi ile ya kujikinga haipati nafasi ya kukua. Lakini silikoni tupu, isiyo na oksidi, haiigusi kwa kiasi cha kuonekana. Inapouosha uso huuacha umefunikwa na atomu za hidrojeni, moja moja, kila kifungo kilichobaki wazi kikiwa kimezibwa. Unaweza kukitumbukiza kisahani humo, ukaenda kula chakula cha mchana, ukarudi, kipo. Maji yanasubiri amri.

Amri hutoka kwenye umeme, na inafika kwa njia ya pengo. Elektroni ikiondoka kwenye kifungo kati ya atomu mbili za silikoni huacha nafasi wazi, na nafasi hiyo husafiri. Umepanda daladala, umeona: abiria wa kiti cha mbele anashuka, wa nyuma yake anasogea, mwingine anasogea, na mwisho kiti kitupu kiko nyuma kabisa ingawa hakuna kiti kilichong'oka. Pengo la namna hiyo likisukumwa na umeme hadi kwenye uso wa silikoni, kifungo cha mahali hapo hudhoofika, floridi hushika, na atomu hung'oka. Pasipo na pengo pako salama. Na mapengo hupenda kufika pale ambapo uso umebonyea, kwa sababu umeme umejikusanya hapo. Kijishimo kikishaanza, basi kitazidi kwenda chini.

Halafu kuta. Hapa mimi husimama kila mara. Vitundu viwili vikichimbwa jirani, ukuta kati yao hukonda, hukonda, hadi kufikia nanomita chache, na ukifika hapo mapengo hayaingii tena ndani yake. Ukuta mwembamba hauyapi mahali pa kukaa. Kwa kuwa mapengo hayaingii, asidi haina amri, na ukuta unabaki umesimama katikati ya maji yale yale yaliyomla jirani yake. Hakuna mkono uliopima unene huo. Ni maji na umeme vimekubaliana wapi pa kuachia.

Lakini kuchagua floridi ni nusu ya kazi tu, tena nusu nyepesi, kwani imeandikwa vitabuni. Nusu ya pili ni maji ya kuichanganyia.

Kila atomu ya silikoni inayoondoka huacha nyuma yake molekuli moja ya hidrojeni. Kwa hiyo uso wote unatoa gesi. Wageni wa kazi hii hufikiri mapovu hayo ndiyo yanayotoboa, kwa kuwa sote tumekua tukiona vitumbua: povu ndani ya uji wa mchele uliochachuka, na ukikata unakuta vitundu. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi kuieleza. Ukweli ni kinyume chake. Povu likiganda juu ya uso huifukuza asidi mahali hapo, na chini yake silikoni haichimbwi. Asidi ikiwa na maji matupu huushika uso vibaya, kwani uso uliofunikwa kwa hidrojeni hauyapendi maji, kama jani la mgimbi linavyoyafukuza. Maji hayaingii kwenye vitundu, na povu haliondoki. Mambo mawili, na dawa yake moja: ethanoli. Spiriti hupunguza mvutano wa uso wa maji, mchanganyiko ukaulowanisha ukuta na kushuka hadi chini ya kitundu, na mapovu yakawa madogo, mepesi, yakaondoka.

Kipande changu cha kwanza nilikitoboa kwa mchanganyiko nilioupima kwa haraka, spiriti ikiwa kidogo. Nilikitoa kikiwa na madoa ya mviringo, kama ngozi ya mtu mwenye tetekuwanga. Kila doa lilikuwa kaburi la povu. Yule mama alikiangalia, hakusema kitu, akanionyesha kwa kidole chupa ya ethanoli, kisha saa ya ukutani. Niliuanza mchanganyiko upya.

Kiasi gani, sasa? Asidi ya dukani huja ikiwa na takriban asilimia 48, iliyobaki ni maji. Desturi moja ni sehemu tatu za asidi hiyo kwa sehemu moja ya ethanoli. Nyingine ni moja kwa moja. Anayesikia atadhani ya kwanza, kwa ukali wake, ndiyo inayochimba vitundu vikubwa. Hufanya kinyume. Kwa mkondo ule ule, floridi ikiwa nyingi, vitundu huwa vyembamba na kuta hubaki nene. Floridi ikipungua, uwazi huongezeka na silikoni inayobaki hupungua, na ukiendelea kuipunguza, au ukiongeza mkondo, hufika mahali ambapo mapengo yanawasili kwa wingi kuliko floridi inavyoweza kuyahudumia. Hapo oksidi huibuka juu ya uso wote, huliwa yote kwa pamoja, na kisahani hutoka laini kama kioo, bila kitundu hata kimoja. Ule ulaini waliokuwa wakiusaka Uhlir na mkewe uko ng'ambo ya mpaka huo, na madoa waliyoyapata yako upande wa huku. Mpaka wenyewe ni uwiano wa mkondo na floridi.

Nilichokipenda kwa yule mama ni kwamba hakuwa na mchanganyiko anaoupenda. Alianza kwa kuuliza silikoni ni ya namna gani. Iliyotiwa boroni nyingi ilipata ule wa tatu kwa moja, na vitundu vyake vilisimama wima kama mianzi, makumi ya nanomita kwa upana. Iliyotiwa boroni kidogo ilitoa sifongo laini yenye vitundu visivyo na mwelekeo, na hiyo aliipa asidi hafifu zaidi. Iliyotiwa fosforasi haina mapengo ya kutosha gizani, hivyo aliimulika taa ili mwanga uyazalishe. Mtu akitaka mashimo makubwa, ya mikromita nzima, kwenye silikoni ya boroni kidogo, wengine huacha maji na spiriti na kuichanganya asidi na dimethilifomamaidi au asetonitrili. Wapo wanaotia asidi ya siki badala ya ethanoli, wapo wanaotia tone la sabuni ya maabara, wapo wanaoongeza gliserini na kupoza chombo chini ya sifuri ili sakafu ya vitundu ilale sawa. Yote hayo yana sababu zake, na sababu zenyewe hurudi kwenye maswali matatu: floridi inafikaje chini, povu linatokaje juu, na mkondo unasukuma kiasi gani katikati.

Hofu pia ni sehemu ya ustadi. Wabanguaji wa korosho hapa kwetu wanayajua mafuta ya maganda: yanaunguza vidole, yanaambua ngozi, na anayebangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo kabla hajaanza. Mafuta yale angalau husema mapema. Asidi ya hidrofloriki iliyopunguzwa inaweza kupita kwenye ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, ikaenda ndani kuifuata kalisiamu ya mwili, na maumivu yakaja saa kadhaa baadaye ilhali madhara yameshatendeka. Ikimwagika kwa wingi huua. Kwa sababu hiyo jeli ya kalisiamu glukoneti ilikaa mezani, ikiwa wazi machoni, kabla ya chupa yoyote kutolewa kabatini. Yule mama aliangalia tarehe ya kwisha muda wake kila asubuhi. Vyombo vyote vilikuwa vya plastiki, kwani asidi hiyo hula kioo. Kikombe cha kutobolea kilikuwa cha Teflon, na upande wa hasi ulikuwa wavu wa platinamu, madini yasiyoogopa chochote humo. Hakuna aliyefanya kazi hiyo peke yake, wala nje ya kabati linalovuta hewa. Kwa mwanafunzi yeyote anayesoma hapa na kuona hamu: usiijaribu nje ya maabara yenye vitu hivyo na mtu aliyefundishwa.

Basi ukifika siku ya kuwasha swichi, kazi yenyewe ni fupi. Dakika chache. Silikoni huliwa kwenda chini mikromita moja au zaidi kwa dakika, kutegemea mkondo. Mkondo ukiupandisha na kuushusha kwa zamu, tabaka zenye uwazi mwingi na zenye uwazi mdogo hupangana kama kurasa, na mwanga unaorudi kutoka kwenye kurasa hizo huwa na rangi moja safi. Kijivu huwa kijani, chekundu, dhahabu, bila hata chembe ya rangi kutiwa.

Kisha huja kukausha, na wengi huharibu hapo. Kimiminika kinapokauka ndani ya vitundu huzivuta kuta zikutane, na utando hupasuka vipande vipande, kama tope la mikoko jua likilikuta bamvua limepita. Yule mama aliosha kwa ethanoli, tena kwa ethanoli, halafu kwa penteni, ambayo mvutano wake ni mdogo zaidi, akakiacha kikauke taratibu. Hata hapo alikuwa anachagua maji.

Kazi za silikoni hii ni nyingi na zinaelezwa kwingine vizuri kuliko nitakavyoweza: kubeba dawa mwilini, kwa kuwa huyeyuka polepole na kuwa asidi ya siliki ambayo figo huitoa, kunusa gesi, kutengeneza vipimo vidogo vya shinikizo. Mimi nilirudi Chuno na kipande kimoja tu, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ndani ya kijaluba. Kwa miaka mingi hewa imekuwa ikikipa oksijeni, na kijani chake kimesogea taratibu kuelekea buluu. Bado kinafanya kazi.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi wa betri akione. Alikishika kwa pembe, kama anavyoshika pleti, akakigeuzageuza kwenye mwanga uliopenya majani ya mwembe. Nikamwomba spiriti anayofutia vichwa vya betri. Nikadondosha tone moja. Rangi ilihama mbele ya macho yake, kutoka kijani-buluu hadi manjano, kwa kuwa spiriti ilikuwa imeingia kwenye vitundu na kuupa mwanga njia nzito zaidi. Tukangoja. Ukingo wa tone ulianza kukauka, na kijani kikarudi kikitambaa kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka kikajaa chote.

"Maji yametoka," alisema.

"Yametoka yote."

Alinyamaza kidogo. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni na betri mkononi, naye akimtazama.

"Mwalimu, tia tena," alisema fundi, akakisogeza kipande kwenye mwanga zaidi.